Barua ya wazi kwa vijana wa protokoli, Nakuru

Wajukuu zangu,

Nawasalimu kwa jina la Yesu, na leo sitazunguka. Siku ya mwisho ya krusedi hapa Kaptembwo, machokoraa watatu walifika mapema kuliko nyinyi. Wakaketi mbele kabisa, chupa za gundi wamezificha ndani ya mikono ya sweta. Mmoja alikuwa anaimba pambio, maneno yote anayajua. Kisha ikasemekana mheshimiwa yuko njiani. Mkaja na suti zenu nyeusi, mkawainua kwa kola, mkapangusa viti, mkafunga utepe mwekundu. Mheshimiwa akaja, akapewa maikrofoni, akatoa bahasha, akaondoka kabla Neno halijafunguliwa. Viti vikabaki vitupu mpaka mwisho.

Na mhubiri alisoma nini? Matendo 4:12, kwamba hakuna wokovu katika mwingine awaye yote. Nyinyi mkapiga makofi!

Sasa nielezeni. Kama Mwokozi ni mmoja tu, yule kijana mliyemtoa mlitaka aende kwa nani? Wangekuwepo waokozi kumi ningewaelewa: matajiri wa Milimani wachukue wao, Wakikuyu wao, Wakalenjin wao, Wajaluo wao, na chokoraa akatafute wake huko jaani Gioto. Lakini hakuna mwingine. Ukimfukuza mtu hapo, umemfungia kila mahali. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba Kristo alijitoa kuwa ukombozi kwa ajili ya wote. Wote, jamani, si waliopiga pasi.

Hata Petro, aliyetembea na Yesu mwenyewe, hili lilimshinda kwanza. Ilibidi apande darini kule Yafa, aonyeshwe ile shuka yenye wanyama mara tatu, ndipo akubali kuingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi. Huko ndiko alikokiri kwamba Mungu hana upendeleo. Mara tatu! Na Yakobo, sura ya pili, anamtaja mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame pale. Ungedhani aliwahi kuhudhuria krusedi zetu.

Najua mnafunga na kukesha. Najua mnabeba vyuma vya jukwaa bila kulipwa hata shilingi, na hilo Mungu analiona. Tena huu utepe hamkuuanzisha nyinyi. Siku hizi hata mazishini kuna hema la waheshimiwa na maji ya chupa, na mama wa marehemu yuko juani. Januari 2008, mji huu ulipowaka kwa vurugu za baada ya uchaguzi, waliokimbia na waliowakimbiza wengi wao walikuwa na majina ya ubatizo. Tulikuwa tumehubiriwa Mwokozi wa watu wote miaka na miaka, lakini aliyelala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho alijua vizuri kwamba jirani yake hakuamini hivyo. Wachungaji hawapendi nikitaja hili. Nitalitaja.

Kwa hiyo krusedi ya Agosti, viti vya mbele ni vya atakayewahi. Nimeshazungumza na mwenyekiti wa kamati. Mheshimiwa akichelewa, kuna nafasi ya kusimama pale kwa wauza mahindi choma.

Mengine ni mafupi. Mkifika Bondeni, msielekeze spika msikitini. Anayetaka kumpelekea Mwislamu habari za Yesu akaketi naye, wanywe kahawa. Msichane mabango ya kanisa jirani. Mgonjwa akija kuombewa, asitajiwe sadaka ya mbegu, ile ya kutoa pesa kwanza ndipo utarajie muujiza. Anayeokoka aandikwe jina na simu, asiulizwe kwao ni wapi.

Aliyekasirishwa na barua hii aje nyumbani Jumapili baada ya ibada. Chai ipo.

Babu yenu