Kwa familia za wanaojifunza kuzamia

Assalaam aleykum ndugu zangu. Jumamosi wanafunzi wetu wanatoka bwawani na kuingia baharini, Nungwi. Boti inaondoka saa mbili asubuhi.

Naomba sana wakirudi tusiwaulize "umefika mita ngapi?" Kozi hii ya mwanzo mwisho wake ni mita 18, na hakuna haja ya kuzikimbilia. Anayesema leo sishuki, mpokeeni vizuri. Nimewaona watu wazima wakitetemeka mikono wanapojifunza kutoa maji kwenye miwani. Wanachohitaji ni muda, si kuhimizwa na mume au dada aliyesimama kwenye boti.

Masikio ndiyo husumbua zaidi. Kwa mita 10 tu mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo mtu hubana pua na kupuliza taratibu, kabla maumivu hayajaanza. Mwenye mafua abaki nyumbani hata kama amelipa, tutampangia siku nyingine. Tafadhali msimpe dawa ya kufungua pua ili ashuke: ikiisha nguvu akiwa chini, hewa inaweza kunasa masikioni wakati wa kupanda.

Wanaorudi Dar kwa ndege wasikate tiketi ya Jumapili asubuhi. Baada ya kuzamia zaidi ya mara moja wasubiri angalau saa 18. Boti haina shida.

Leteni taulo kavu na chai ya tangawizi, maana hata bahari yetu humtia mtu baridi akikaa sana. Atakayekuja kusubiri ufukweni anijulishe hapa kabla ya Alhamisi.