Shukrani kwa mama wa feri ya Likoni

Kuna mama tulisimama nae kwenye feri jioni moja tukivuka Likoni hapa Mombasa, jina sikuuliza, nami nlikuwa nimechoka, imani yangu ni ya Jumapili tu, kanisani naimba nikifika nyumbani nimeisha. Akafungua Luka 6:48 kwa simu yake, ule mfano wa Yesu wa mtu aliyejenga nyumba, akaniambia mwanangu ona, Mathayo anasema nyumba ilijengwa juu ya mwamba basi, lakini Luka anaongeza kuwa yule mtu alichimba, tena chini sana, sasa wewe umechimba lini? Yani lile swali halijanitoka. Sai naamka saa 11 alfajiri, nasoma sura moja polepole, naomba, alafu nalifanya lile nililosoma, manake Yesu alisema kusikia na kutenda. Mama, Mungu akubariki sana, kila nikivuka nakutafuta.