Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa picha za zamani: maonyesho, ada na suala la Front Page Detective

Ndugu wanachama,

Awali ya yote nawashukuru mliofika. Mkutano uliitishwa saa nane, tumeanza saa tisa na nusu kwa kusubiri akidi, na viti vya nyuma mnaviona wenyewe.

Shughuli za kawaida mnazijua. Maonyesho ya kila mwezi yalifanyika isipokuwa Ramadhani, tulimzika mwenzetu mmoja, tulichangia harusi mbili, projekta ikatengenezwa. Sina haja ya kurefusha.

Niende kwenye lile linalosemwa pembeni. Ni kweli kamati, chini ya uongozi wangu, ilisimamisha filamu za Bongo kwa nusu mwaka na kuweka Front Page Detective, tamthilia ya upelelezi ya Marekani iliyoanza kurushwa na kituo cha DuMont mwaka 1951. Imesemwa niliichagua kwa sababu mhusika mkuu, David Chase, ni mwandishi wa safu gazetini, nami niliwahi kuandika safu. Safu niliandika, sikatai, na wapo humu waliokuwa wakiikata na kuitunza. Lakini sababu za kamati zimo kwenye muhtasari wa kikao, ambacho wanaolalamika hawakuhudhuria.

Kwanza, kipindi kimoja ni nusu saa tu, mtu anawahi daladala. Pili, vipindi vinapatikana bure mtandaoni. Tatu, na hili ndilo kubwa, ni bahati kwamba vipo. DuMont ilifungwa mwaka 1956. Vipindi vyake vingi vilirushwa moja kwa moja, na kumbukumbu pekee ilipatikana kwa kuweka kamera mbele ya kioo cha televisheni na kurekodi kwenye filamu. Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams alilieleza jopo la Maktaba ya Bunge la Marekani kwamba mikanda hiyo ilipakiwa kwenye malori miaka ya 1970 ikaenda kumwagwa majini, New York. Hii yetu mtayarishaji Jerry Fairbanks aliitengeneza kwa filamu tangu mwanzo, ndiyo maana picha yake bado inatazamika. Chama cha wapenzi wa picha za zamani kisipoonyesha hiyo, kionyeshe nini?

Mkasema mpelelezi mwenyewe mzee. Edmund Lowe, anayemwigiza Chase, alikuwa na miaka sitini hivi, sawa. Huyo ndiye Sajenti Quirt wa filamu ya What Price Glory ya 1926, na suti inamkaa kuliko nusu ya kamati hii, mwenyekiti akiwemo.

Malalamiko makali zaidi yalimhusu mfasiri tuliyemkodi, wa staili ya vibanda umiza, anayesimulia picha kwa Kiswahili papo hapo. Wapo waliosema anaharibu kazi ya sanaa. Mimi nilikuwa ukumbini usiku wa kipindi cha Murder Rides the Night Train. Alipotangaza, "Sasa Bwana Chezi kapanda treni ya Kigoma, na muuaji yumo humo humo," hata mama wauza karanga waliingia ndani wakaacha beseni mlangoni. Wageni wale walilipa kiingilio. Wanachama wengi hawakuwepo, na wengine waliokuwepo hawajalipa ada.

Kuhusu ada, nasema kwa masikitiko. Wanachama 41, waliolipa 17, jumla shilingi 340,000. Viingilio 186,000. Matumizi yote, yaani ukumbi, mfasiri, umeme, matengenezo, rambirambi na harusi, 497,500. Salio 28,500. Taa mpya ya projekta haimo kwenye hesabu hizi kwa kuwa nilitoa mfukoni mwangu, na wala sijadai. Kuna ndugu mmoja aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba fedha "zimeliwa". Huyo ada yake ya mwisho kulipa hata mweka hazina haikumbuki.

Mwaka ujao filamu za Bongo zitarudi, panapo majaliwa, ingawa Bwana Chase hatutamfukuza kabisa. Tunatarajia pia kupata jenereta, na ikiwezekana kwenda kuonyesha Zanzibar, kwani wenzetu kule walikuwa na televisheni tangu 1973, sisi Bara tukasubiri hadi miaka ya 1990. Mazungumzo yanaendelea.

Mweka hazina atakuwa hapa hadi ukumbi ufungwe. Risiti zote anazo, na kitabu cha ada pia.

Naomba kuwasilisha.