YAH: MUDA WA SAFARI YA KIGOMA–DAR ES SALAAM KWENYE PROGRAMU YENU

Mwanga,
Kigoma.

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu tiketi mbili kwa malipo ya pamoja: Kigoma hadi Dar es Salaam, kisha Dar es Salaam hadi Mtwara. Programu yenu ndiyo iliyoziunganisha. Mimi nilichagua tarehe tu. Chini ya tiketi ya kwanza paliandikwa: "Km 1,077. Saa 1 dakika 25. Moja kwa moja."

Ndege iliondoka Kigoma kwa wakati, na shirika lenyewe sina ugomvi nalo. Ikatua Tabora, kama ilivyo kwenye ratiba yao ambayo ninyi wauzaji mnaiona. Wa Tabora wakashuka, sisi wa Dar tukabaki vitini. Mhudumu akapita akihesabu watu, akakuta begi lisilo na mwenyewe, ikabidi aulizie kiti kwa kiti mpaka mwenyewe akapatikana. Ndipo wapya wakaanza kupanda. Tulipofika Dar, ndege ya Mtwara ilikuwa imeshafunga kupokea abiria. Nikalala gesti, nikakata tiketi nyingine kwa bei ya kukurupuka.

Nilipowalalamikia, kijana wenu alinijibu: "Mpendwa mteja, kutua Tabora hakuongezi umbali wa safari."

Hapo hajakosea. Kigoma hadi Tabora kwa anga ni kama kilomita 350, Tabora hadi Dar kama 730. Jumlisha, mnarudi kwenye 1,080 ileile, kwa sababu Tabora iko karibu kabisa na mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili. Lakini mimi sikukosa ndege kwa sababu ya kilomita. Muda unaliwa na kupunguza mwendo, kushuka, kutembea hadi maegesho, kushusha na kupakia, kisha kuruka na kupanda upya. Mashine yenu haihesabu hata kimoja kati ya hivyo. Inachukua umbali, inagawanya kwa mwendo, basi.

Na mwendo wenyewe ni wa kubuni. Kilomita 1,077 kwa saa moja na dakika 25 ni kama kilomita 760 kwa saa. Ndege ile ilikuwa ya pangaboi, na pangaboi za abiria tunazopanda huku hazifiki hata 700. Kwa hiyo hata tungeipita Tabora juu kwa juu, muda wenu usingetimia.

Treni ya reli ya kati, pamoja na uzee wake, hukutajia mapema kwamba itasimama Uvinza, Kaliua na Tabora. Ninyi mna kompyuta.

Naomba mnirudishie nauli ya Mtwara iliyopotea na gharama ya malazi. Risiti na picha ya ukurasa wenu nimeambatanisha. Pia ondoeni huo muda wa kukadiria, muweke saa ya kuondoka na ya kufika kutoka ratiba ya shirika, na vituo vyote vya kutua vionekane kabla mtu hajalipa.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitapeleka barua hii kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga.

Wenu,
Mteja, Kigoma.