Mwalimu anayeonyesha video darasani sio mvivu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyesema walimu wa siku hizi tunawasha video alafu tunakaa pembeni kuchezea simu. Mi nafundisha Baiolojia kidato cha pili na kusema ukweli imeniuma, maana kipindi cha video ndo kinanichosha kuliko vyote.

Mwanzoni nilikosea, nakubali. Nilidaunlodi video ya mzunguko wa damu, dakika 20 nzima, msemaji Mmarekani anaongea kama anakimbizwa, nikaiacha iende mwanzo mwisho. Hawa watoto shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, wakaangalia zile rangi weee, nauliza swali, kimya. Nilirudi nyumbani sina raha kabisa.

Sasa hivi nachukua klipu ya dakika 3 au 4 tu, nazima sauti naongea mwenyewe. Juzi tuko kwenye moyo, nikaisimamisha pale vali zinapojifunga, nikawauliza haya, damu inaenda wapi hapa na kwanini hairudi ilikotoka? Wakabishana hao, nikairudisha tena na tena, mara kuna binti wa benchi la nyuma, huwa haongei kabisa, akaweka mkono kifuani akasema, "Mwalimu, kumbe ile du-dum ni milango inajifunga!" Ndo yenyewe. Miaka yote nachora ule moyo ubaoni kwa chaki, vyumba 4 na mishale yake, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo maana mchoro haudundi. Kesho yake nikapitia buchani nikanunua moyo wa mbuzi tukaupasua, wakazitafuta vali wenyewe kwa vidole, wakaona na upande wa kushoto nyama yake ni nene kuliko kulia kwasababu ndo unasukuma damu mwili mzima.

Sasa hiyo klipu moja kuipata nimekesha, nimeangalia zaidi ya 10, zingine zinamfanya mtoto aamini tuna damu ya bluu wakati hata ile isiyo na oksijeni nyingi ni nyekundu tu, ila imekolea. Bando ni langu, laptop yangu, projekta hakuna kwahiyo wanakuja kwa makundi ya watu 15 wengine wanaandika notsi wakisubiri zamu.

Ninachoomba, wakuu wa shule watenge hata hela kidogo ya bando, na ofisi ya taaluma iwe na fleshi moja ya klipu ambazo walimu wa somo wameshazikagua, sio kila mmoja akeshe peke yake. Na wenye uwezo watutengenezee za sekondari zenye maelezo ya Kiswahili pembeni ya Kiingereza, wale wa katuni za Ubongo Kids kwenye TV wanafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili tangu 2014 kwahiyo inawezekana.

Na yule msomaji namkaribisha kwa moyo mmoja, aripoti kwanza kwa mkuu wa shule alafu aje darasani. Wiki ijayo tunaanza mapafu.

Mwalimu wa Baiolojia, shule ya kata