Mikopo ya karakana isisahau randa ya kunyooshea mbao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na watu wa aina mbili: vijana wanaoandika maombi ya mkopo ili wafungue karakana za useremala, na maofisa wanaoyapitisha maombi hayo. Zinapotoka picha za vikundi vikikabidhiwa mashine, mimi huzitazama kwa jicho la fundi. Naona msumeno wa meza, naona thiknesa, ile mashine ya kusawazisha unene wa mbao, inayong'aa, naona mashine ya kutoboa. Randa ya kunyooshea mbao mara nyingi siioni kabisa, na ikiwepo ni ile ndogo yenye visu vya upana wa inchi 6. Kwa mbao tunazouziwa nchini mwetu, hilo ni pengo kubwa, na anayelilipia ni mteja ambaye mlango wake haufungi.

Mimi ni seremala, mwanamke, na karakana yangu iko nyuma ya nyumba hapa Muheza, mkoani Tanga. Natengeneza milango, vitanda na makabati. Kwa miaka mingi nilitumia randa ya inchi 6 yenye meza ya futi nne. Sasa ninayo ya inchi 12, na meza zake mbili zikipimwa pamoja zinakaribia futi saba. Niliyoyaona baada ya kubadili mashine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui, na mafundi wasiolijua si wachache. Thiknesa hainyooshi ubao. Kazi yake ni kuufanya unene uwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, basi. Ubao uliopinda ukiingizwa, roli zinaukandamiza mpaka unalala, visu vinapita juu yake, kisha roli zikiuachia upande wa pili unarudi kwenye umbo lake. Umekuwa mwembamba, ni laini ukiupapasa, na umepinda vilevile. Ndivyo zilivyo mbao nyingi tunazorandiwa kwenye maduka ya mbao. Unazipakia kwenye guta ukifurahia zinavyong'aa, na ukifika nyumbani ukaulaza mmoja juu ya sakafu iliyonyooka, pembe moja inacheza. Fundi akiunga fremu ya mlango kwa mbao hizo, mlango utagusa juu na kuacha uwazi chini. Atalaumiwa fundi, zitalaumiwa bawaba, italaumiwa mvua. Kosa lilikuwa kwenye ubao kabla hata ya kupigiwa mstari.

Randa ya kunyooshea ina meza mbili, na katikati yake silinda yenye visu. Meza ya kutolea huwekwa usawa mmoja na ncha za visu zinapofika juu kabisa. Meza ya kuingizia hushushwa kidogo, milimita moja hivi au chini ya hapo, na kiasi hicho ndicho kinacholiwa. Hakuna roli zinazoukandamiza ubao. Sehemu zilizoinuka zinaliwa kidogo kidogo, na kwa kupita mara kadhaa uso mzima unakuwa tambarare. Uso huo ukishapatikana, ubavu mmoja unanyooshwa kwa kuuegemeza kwenye ukuta wa mashine ulio pembe mraba. Hapo ndipo thiknesa inapopata kazi yake halali: uso ulionyooka unalala chini, na ule wa juu unafuata. Aliye na thiknesa peke yake anaanza kazi katikati.

Sasa niseme habari ya upana. Nenda duka lolote la mbao, utauziwa 2x4, 2x6, 1x8, 1x10 na 1x12, yaani unene kwa upana, kwa inchi. Hesabu mwenyewe zipi zinapita kwenye randa ya inchi 6. Ile 2x6 inapita kwa shida, na ikiwa imepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo porini, mara nyingi sehemu moja ni inchi 6 na nyingine imezidi, kwa hiyo inakwama. 1x8 haipiti. 1x12 ya mninga au mvule, ambayo ndiyo paneli ya mlango na ndiyo kichwa cha kitanda ambacho mteja anataka aone mistari yake ikienda bila kukatika, haina nafasi kabisa. Mwenye randa ndogo ataupasua ubao ule mzuri vipande viwili, anyooshe kila kimoja, kisha aviunge tena kwa gundi. Au ataupitisha hivyo hivyo kwenye thiknesa na kumwomba Mungu.

Lakini wanaouza mashine kubwa wasije wakaitumia barua yangu vibaya. Kupasua si kosa siku zote. Ubao uliojikunja kwa upana, mfano wa kigae cha paa, una hesabu yake. Chukua ubao wa inchi 12 wenye unene wa milimita 25, uliobonyea milimita 6 katikati. Ukiunyoosha mzima, utakula milimita 6 uso mmoja na 6 nyingine uso wa pili, na utabaki na milimita 13, ambazo kwa mlango wa nje si kitu. Ukiupasua katikati, mkunjo wa kila nusu hubaki karibu robo ya ule wa kwanza, yaani milimita moja na nusu, na vipande vyako vitatoka na unene wa milimita 22. Kwa hiyo hata mwenye randa ya inchi 12 lazima aupime ubao kwanza. Tofauti ni kwamba yeye anachagua. Ubao uliobonyea milimita moja au mbili anaunyoosha mzima na paneli inabaki kipande kimoja. Uliojikunja sana anaupasua. Mwenye inchi 6 hana la kuchagua.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kwa urefu. Ubao wa futi 12 uliopinda, ukiukata kwanza kwa vipimo vya kazi ukaacha ziada ndogo, sehemu kubwa ya pindo inaondoka kabla mashine haijawashwa. Nawaona vijana wakihangaika kunyoosha ubao mzima wa futi 12, kisha wanaukata vipande vya futi tatu. Ule unene wote waliotupa kwenye maranda ulikuwa mali yao.

Urefu wa meza ni jambo ambalo watu hawaliulizi dukani, na kwa maoni yangu lina uzito sawa na upana. Mafundi hukadiria kwamba mashine inanyoosha vizuri ubao unaofika mara mbili ya urefu wa meza zake. Meza yangu ya zamani ya futi nne ilinifikisha futi nane kwa kubembeleza, na nguzo ya mlango ni futi saba. Ubao mrefu kwenye meza fupi unaning'inia mwisho, unainama kwa uzito wake, na badala ya kunyooka unapata pindo jipya. Kwenye meza ya futi saba, nguzo ya mlango inatulia na mikono yangu inafanya kazi ya kuongoza tu. Nilipobadili, huu ndio unafuu nilioutambua kwanza, hata kabla ya ule wa upana.

Kuna wasiohitaji mashine kubwa, na nisiposema hivyo nitakuwa sijawatendea haki. Hapa kwetu tuko karibu na shamba la mitiki la Longuza. Mbao zinazotokana na mitiki michanga ni nyembamba, na anayetengeneza viti na stuli kwa mbao hizo ataishi vizuri na inchi 6. Anayeunda vitu vidogo, fremu za picha, masanduku, vivyo hivyo. Na mwenye thiknesa pana bila randa pana anaweza kuulaza ubao juu ya ubao mwingine ulionyooka, akaziba nafasi za chini kwa kabari ili usicheze, akaubana vizuri, akaupitisha. Roli zikikandamiza hazina pa kuusukumia, na uso wa juu unatoka umenyooka kweli. Ni kazi ya subira, lakini ni ya kweli, na walimu wa VETA, vyuo vya ufundi stadi, wakiifundisha watakuwa wamewaokoa wengi wasio na mtaji. Randa ya mkono nayo haijafa.

Wala mashine yoyote haitibu ubao mbichi. Ukinyoosha leo mbao iliyokatwa mwezi uliopita, itapinda tena ndani ya nyumba ya mteja, na hapo hata randa ya inchi 20 haikusaidii. Panga mbao zako kwa vijiti katikati, kivulini, upepo upite, na usubiri.

Turudi kwa anayetaka kubadili. Randa ya inchi 6 ilisogezwa na watu wawili. Hii ya inchi 12 ina uzito wa zaidi ya kilo 300, na sakafu ya udongo au ya saruji nyembamba iliyopasuka haiifai, kwa sababu ikikaa vibaya meza zake zinapoteza usawa, na meza zikipoteza usawa umenunua chuma tu. Andaa sakafu kwanza, lango liwe pana, na nafasi mbele na nyuma ya mashine itoshe ubao mzima kuingia na kutoka.

Umeme ndio unaowaumiza wengi. Mota yake ni ya nguvu farasi 3, karibu kilowati 2.2. Kwenye umeme wa kawaida wa nyumba, wa volti 230, ikifanya kazi nzito inavuta ampea 13 au zaidi, na wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo. Soketi za nyumbani ni za ampea 13. Kwa hiyo usiichomeke kwenye soketi ya sebuleni kwa waya wa kuunganisha, kama nilivyokuta kwa kijana mmoja jirani, waya umepata moto hadi plastiki inanuka. Mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme, alinivutia waya mnene wa peke yake kutoka kwenye boksi kuu, wenye swichi yake ya kinga. Anayeweza kuomba TANESCO umeme wa njia tatu aombe, mota inawaka kwa urahisi na inadumu. Na aweke bei ya umeme kwenye hesabu zake: saa moja ya kazi nzito hula uniti mbili hadi tatu, na nyumba iliyozoea bei nafuu ya watumiaji wasiozidi uniti 75 kwa mwezi itaipita mipaka hiyo upesi.

Nimeyaweka haya yote, lakini linaloninyima usingizi ni vidole vya watu. Silinda ya randa huzunguka karibu mara 5,000 kwa dakika. Ikiwa na visu vitatu, hizo ni mikato 15,000 kila dakika. Watu hudhani mashine kubwa ni salama zaidi kwa kuwa imetulia. Fikiria: unanyoosha ubavu wa ubao wenye unene wa inchi moja kwenye silinda ya inchi 12. Inchi 11 za visu ziko wazi mbele ya tumbo lako, isipokuwa kama kuna kinga inayozifunika. Nimeona mashine zikiuzwa bila kinga hiyo, na nimeona ikifunguliwa siku ya kwanza na kutupwa kwenye kona kwa sababu eti inachelewesha kazi. Muuzaji anayeitoa mashine dukani bila kinga, sijui anamtazamaje mnunuzi usoni.

Kwangu sheria ni hizi, na msaidizi asiyezifuata haigusi mashine. Kiganja hakipiti juu ya visu. Ubao unasukumwa kwa vipande vya mbao vyenye mpini na mpira chini. Ubao mfupi kuliko sentimita 30 haupandi mezani. Glavu hazivaliwi, kwa sababu kisu kikiidaka glavu kinavuta mkono mzima. Kanga, mtandio na mikono mirefu vinafungwa kabla ya swichi kuguswa; hili nawaambia hasa wasichana wanaokuja kujifunza kwangu. Na pua zifunikwe. Vumbi la mbao limeorodheshwa tangu mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua kabla hata ya kufika huko.

Maombi yangu, Mhariri, ni haya. Kamati zinazokopesha ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu zimwite seremala mmoja anayefanya kazi kila siku aitazame orodha ya mashine kabla fedha hazijatoka. Kikundi cha kutengeneza milango na vitanda kipewe randa ya kunyooshea isiyopungua inchi 8, na ya inchi 12 ikiwezekana, hata kama italazimu thiknesa iwe ndogo au isubiri awamu ya pili. Gharama ya waya, sakafu na kinga iingizwe kwenye mkopo uleule, si kuachiwa kikundi kijitafutie. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA wanao wataalamu wa kulisimamia hili. OSHA nao, ambao sheria ya mwaka 2003 imewapa usalama wa mahali pa kazi, waanze kuzipitia karakana ndogo za majumbani kwa kufundisha, kabla ya faini.

Na wauzaji wa mashine waandike kwenye kibandiko cha bei vitu vitatu: upana wa visu, urefu wa meza zote mbili, na kama kinga imo ndani ya boksi.

Seremala,
Muheza, Tanga