Sudi, ongea na Bakari kabla ya Jumamosi

Ujiji, Kigoma
Alhamisi usiku

Ndugu yangu Sudi,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, alhamdulillah. Mama mguu umepona, watoto wanakusalimia na bado wanaulizia asali. Najua nimekaa kimya tangu Iddi na una haki ya kuninunia, lakini nina jambo la haraka, kwa hiyo salamu nyingine utanidai.

Ni ile pikapu, Hilux. Ile ya mwaka 1994 tuliyonunua nusu kwa nusu na Bakari kwa yule mzee wa misitu. Masika haya imetukwamisha mara tatu njia ya Ilagala. Mara ya mwisho tulikuwa tumebeba madumu 40 ya mawese, malori yamechimba mifereji miwili mirefu, na difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ikapanda juu ya lile tuta la katikati ikakaa hapo. Matairi yanazunguka, gari haliendi. Tulishusha dumu moja moja mvuani mpaka Magharibi. Kwa hiyo gari linahitaji kunyanyuliwa, hilo sibishani naye.

Tunachobishania ni kiasi. Mimi nasema inchi 2. Bakari anasema 6, na fundi ameshamwambia alete gari Jumamosi. Atamwekea bloku za chuma juu ya ekseli, nyuma na mbele. Mbele, Sudi! Ekseli ya usukani! Bloku ikicheza wakati umekanyaga breki kwenye mteremko, usukani unaifuata.

Halafu hebu fikiria wewe uliyekaa gereji miaka yote ile. Kilichotukwamisha ni difu. Difu imo kwenye ekseli, na ekseli imebebwa na matairi. Ukiinua springi hata inchi 6, unainua chesisi, yaani fremu ya gari, na bodi tu, difu inabaki palepale ilipokuwa. Kitakachoipandisha ni tairi, na tairi likiongezeka inchi 2 za kipenyo, difu inapanda inchi 1 peke yake. Nimemweleza Bakari, nikamchorea kwenye karatasi ya sukari. Akaniambia naogopa.

Siogopi, nayapenda maisha ya watu. Nililala chini ya gari Jumapili na tochi. Pale nyuma, kwenye chesisi, kuna ile valvu ya breki yenye fimbo nyembamba ya chuma iliyoungwa hadi kwenye ekseli. Mzigo ukiongezeka chesisi inashuka, fimbo inasukumwa, breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Ukinyanyua gari bila kurekebisha ile fimbo, valvu inadhani gari tupu. Sisi tumebeba kilo 700 na zaidi za mafuta, breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari tupu! Na paipu za mpira za breki nilizivuta kwa kidole, urefu wake ni ule wa kiwandani. Inchi 6 zitazikaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nilimuuliza fundi kuhusu ile fimbo. Akaniambia ataikata.

Wazo la inchi 6 limetoka kwa mpwa wa Bakari aliye Marekani, California, anayemtumia video za pikapu zilizokaa kama ghorofa. Lakini huko huko kuna kikomo. Gari la mizigo ambalo uzito wake wa jumla ni kati ya pauni 4,501 na 7,500, na letu likishiba mzigo limo humo, chini ya chesisi pasizidi inchi 30 kutoka ardhini, na sakafu ya bodi isipande zaidi ya inchi 5 juu ya chesisi. Walikaa wakapima wakaandika sheria. Sisi tunapima kwa macho.

Nilimfuata pia mkaguzi wa magari hapa mjini. Hakunitajia inchi hata moja. Alichuchumaa mbele ya taa, akaniambia, "Ukiinua, hizi zishushe, kisha niletee gari nilione kabla hujalitembeza." Na taa ndizo zinazoninyima usingizi. Mzigo ukikaa nyuma pua inaangalia juu, taa zinaingia machoni mwa bodaboda. Ile ajali ya Mwandiga, ya kijana wa akina Zuhura… basi, unaijua.

Nimerudi palepale, nisamehe. Ninachotaka ni springi mpya zilizopindwa kwa inchi 2, mbele na nyuma, na shokapu za urefu wake. Na matairi makubwa kidogo, yasiyogusa madigadi ukikata kona. Hizo inchi 2 zinatosha kuyapa nafasi.

Bakari hanisikii kwa sababu tumeweka pesa sawa. Wewe anakusikia, ulimfundisha kushika spana. Mpigie, kaka yangu. Usimwambie nimekuandikia, mwambie tu habari ya ile valvu, ataelewa mwenyewe.

Nijibu na haya. Hapo Tabora springi za Hilux za namna hiyo zinapatikana, au niagize Dar? Yule jamaa wa karibu na stesheni bado anauza vifaa vilivyotumika? Za kutumika ungeziamini wewe, au chuma kimeshachoka? Ukipata, utazipakia kwenye treni au basi? Kwa inchi 2 propela inayozungusha ekseli itatetemeka, au krosi, vile viungo vyake, zitavumilia? Na wewe unakuja lini? Shemeji kajifungua?

Nakutumia dumu la mawese na dagaa wa Kibirizi kwa dereva yuleyule. Bakari huwa anatoka msikitini Alfajiri na kupitia kwa mama kunywa chai kabla ya kwenda gereji. Mpate hapo, kesho, simu ikiwa bado imewaka.

Wako,
Hamisi